Vumbi Ndani ya Namba Tisa

Jumamosi ilikuwa siku ya shabaha. Tangu asubuhi walinzi wa kampuni walijipanga nyuma ya ukuta wa matofali, wakalala kifudifudi mmoja baada ya mwingine, wakapiga zamu zao, na ikifika adhuhuri milio ilikuwa imekwisha. Hapo ndipo kazi ya mjomba wangu ilipoanza.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa fundi wa silaha wa kampuni ile kwa miaka kumi na minane. Walimwita Msasa, kwa sababu kitu kikipita mikononi mwake hakibaki na doa. Mama alizoea kumtania kwamba akikaribishwa chai huosha kikombe kabla ya kunywa na baada ya kunywa, na akipata nafasi huosha hata katikati. Mimi ni mshona nguo. Mabaki ya fulana za pamba nilikuwa nayakata vipande vya mraba, upana wa vidole vitatu, namjazia mfuko, na kila Jumamosi saa nane nampelekea kazini. Kwa hiyo haya ninayosimulia, mengine aliniambia mwenyewe, na mengine niliyaona kwa macho yangu.

Chumba chake kilikuwa na mlango wa chuma, dirisha moja lenye nondo, meza ndefu iliyotandikwa turubai, na ukutani rafu ya bunduki kumi na mbili, kila moja na namba yake kwa rangi nyeupe kwenye kitako. Utaratibu wake haukubadilika. Anachomoa komeo la bunduki, kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, anatia kidole kuhakikisha hakuna risasi iliyosahauliwa. Anapitisha brashi ya shaba. Kisha kitambaa chenye mafuta kwenye ncha ya fimbo. Cha kwanza hutoka cheusi kwa masizi ya baruti, cha pili hutoka cha kahawia, cha nne au cha tano hutoka kama kilivyoingia. Mwisho anainua mtutu kuelekea dirishani, anafumba jicho moja na kuchungulia kama mwanga unapita bila kikwazo.

"Mtu anaweza kukudanganya," alipenda kuniambia. "Kitambaa hakidanganyi."

Jumamosi ninayoisema alimaliza bunduki kumi na moja. Iliyobaki ilikuwa namba tisa. Hiyo haikupigwa siku hiyo, na ilikuwa haijapigwa kwa miaka miwili. Ilikuwa ya msimamizi wa walinzi, kaka yake mke wa mjomba, yaani shemeji yake. Sisi sote tulimwita Sajini, ingawa jeshi alikuwa analiona kwenye gwaride tu kama sisi wengine. Tangu apandishwe cheo alishinda ofisini, na bunduki yake ikashinda kwenye rafu. Lakini silaha hata isipopigwa hupakwa mafuta isije ikashika kutu. Mjomba akaishusha, akapitisha kitambaa cha kwanza.

Kilitoka na unga.

Unga laini, wa rangi ya jivu, umegandamana kwenye pamba. Akanusa. Haukuwa na harufu ya baruti wala ya kutu. Akapitisha cha pili, cha tatu, cha saba. Vyote vilitoka vilevile. Mimi nilifika alipokuwa kwenye cha kumi na tano. Badala ya salamu aliniuliza vitambaa vya wiki iliyopita nilivihifadhi wapi, kama viliwahi kukaa karibu na chokaa au majivu. Nikamwambia vilikaa mfukoni mwake, alipoviweka yeye. Akaniangalia kwa namna ambayo hakuwahi kuniangalia tangu nizaliwe, kama mtu anayepima noti akihisi ni bandia.

Vile vitambaa alivitupa kwenye ndoo ya maji machafu. Jumatatu alipokwenda kuimwaga, vilikuwa vimeshikana vikawa bonge moja. Alilipiga kwa nyundo na halikupasuka.

Ilikuwa saruji.

Mtu wa kawaida angecheka akadhani ni utani. Mjomba hakucheka, kwa sababu alijua mtutu ulioziba ukipigwa hupasuka usoni mwa aliyeushika. Basi kuna mtu anataka Sajini afe, akawaza, au kuna mtu anataka Sajini afe kisha lawama zimwangukie fundi. Funguo za chumba zilikuwa mbili tu duniani. Mmoja alikuwa nao Sajini. Wa pili ulilala nyumbani kwa mjomba, kwenye droo ya kabati la kitandani.

Hakumwambia mtu. Aliziba mdomo wa namba tisa kwa utepe mweusi wa mafundi umeme, akaziba na upande wa nyuma, akatia saini yake juu ya utepe. Wiki nzima akawa anawatazama walinzi kwa pembe ya jicho: nani ananyamaza akiingia, nani anacheka sana. Jumamosi iliyofuata utepe ulikuwa palepale na saini haikuguswa.

Kitambaa cha kwanza kilitoka na unga.

Siku hiyo alirudi nyumbani akamuuliza mkewe nani anafungua ile droo. Mkewe alikuwa anakunja nguo. Aliweka chini shati alilokuwa amelishika, akamwambia kwa upole kwamba kama ndoa ya miaka ishirini na mitatu imefika mahali pa kuulizana ufunguo, basi avae ufunguo huo shingoni alale nao. Mjomba akauvaa kweli. Tangu siku hiyo mke wa mjomba alimtengea chakula na kwenda kula jikoni peke yake.

Jumamosi ya tatu ufunguo ulikuwa umemchora alama kifuani, utepe uko salama, na unga upo. Alipitisha vitambaa arobaini, akamaliza mfuko wangu wote. Hatimaye kimoja kikatoka kisafi. Akapumua. Akauinua mtutu dirishani kama kawaida, akafumba jicho la kushoto.

Mwisho wa mtutu kulikuwa na duara la mwanga, dogo, jeupe. Saa tisa ya mchana. Jua kali nje.

Duara likafumba.

Likafumbua.

Mjomba aliuteremsha mtutu taratibu. Dirishani hapakuwa na ndege, wala tawi, wala mtu. Akaufuta uso wake kwa mkono, akachungulia tena. Mwanga ulikuwa umetulia. Kisha ukapepesa mara mbili, haraka, kama jicho lililoingiwa na vumbi.

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo kila mtu pale kazini alilijua na hakuna aliyelitamka.

Miaka miwili nyuma kampuni ilikuwa inalinda ghala la saruji. Jumamosi moja jioni, mvua ikinyesha, kijana mmoja kuli alirudi ghalani kufuata viatu alivyosahau. Alikuwa ametoka kazini, mwili mzima mweupe kwa vumbi. Akapigwa risasi karibu na mlango mdogo wa nyuma, akafa palepale. Risasi ilimpenya ikapotelea kwenye mamia ya mifuko, na haikupatikana. Waliokuwa na bunduki pale walikuwa wawili: Sajini, aliyekwenda kukagua zamu, na mlinzi mmoja tuliyemwita Mpole, kwa kuwa hakuwahi kupandisha sauti hata timu yake ikifungwa. Polisi walikagua bunduki zote mbili. Ya Mpole ilikuwa na masizi. Ya Sajini ilikuwa safi. Mpole alijitetea kwamba masizi yake ni ya shabaha ya asubuhi, kwamba alipelekwa zamu kabla bunduki haijasafishwa. Hakuna aliyemsikiliza. Alifungwa miaka kumi na mitano.

Rufaa yake ilikataliwa wiki ileile saruji ilipoanza kutoka. Na tangu wiki hiyo mama yake yule kuli alikuwa akija kila asubuhi, anakaa ng'ambo ya barabara mkabala na geti la kampuni, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Haombi kitu. Hasemi na mtu. Walinzi walianza kunong'ona kwamba mama yule ana mambo yake, kwamba amefukia kitu getini. Mmoja aliapa kwamba alimwona akipuliza kiganja kuelekea ukutani.

Mjomba akaona sasa amepata jibu. Aliyeingia chumbani hakuhitaji ufunguo.

Jumatatu alivuka barabara. Aliniomba niende naye, alisema mwanamke huongea vizuri zaidi akiona mwanamke mwenzake. Akamwamkia kwa adabu zote, kisha akachuchumaa. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hana ugomvi naye, ila kama kuna kitu amekiweka kule ndani, anamwomba akitoe kabla hakijadhuru mtu asiye na hatia.

Mama yule alimtazama usoni, halafu akaitazama mikono yake.

"Mimi uchawi wangu ni kukaa hapa tu, baba," akasema. "Mwanangu hunijia nikisinzia. Nikimuuliza nani alimpiga, hajibu. Analalamika kitu kingine. Anasema anafutwa."

Mjomba akamuuliza anafutwaje.

"Anasema kila akikaribia kutoka, kuna mtu anamfuta. Anamrudisha ndani. Ananiuliza, mama, huyu anayenifuta ni nani?" Akainamisha kichwa pembeni, bila hasira. "Wewe kazi yako ni nini, baba?"

Mjomba aliinuka. Tulivuka barabara kurudi, na pikipiki nusura itugonge kwa sababu hakuangalia kushoto wala kulia. Hakuingia kazini. Alikuja moja kwa moja kwangu, akaketi kwenye kiti cha wateja kati ya magauni ambayo hayajakamilika, na hapo ndipo aliposema jambo alilolimeza kwa miaka miwili.

Jioni ile ya mvua Sajini alikuja mbio chumbani kwake na namba tisa chini ya koti. Alisema imelowa, isafishwe upesi isije ikaharibika. Mjomba akachomoa komeo, akapitisha kitambaa. Kilitoka cheusi tititi, na harufu ya baruti ilikuwa mbichi. Akamtazama shemeji yake. Sajini akasema alifyatua moja hewani kumtishia mbwa. Mjomba akaendelea kufuta. Kitambaa cha pili, cha tatu, mpaka kikatoka cheupe, kisha akachungulia dirishani, akaridhika. Saa moja baadaye habari za kifo zikafika, na nusu saa baada ya hapo, polisi.

"Mahakamani waliniuliza ilikuwa safi?" mjomba akaniambia. "Nikasema ilikuwa safi. Hawakuniuliza nani aliisafisha. Nami sikuwaongezea."

Nilimuuliza kwa nini. Akasema Sajini ndiye aliyemtafutia ile kazi, na ni damu ya mkewe. Alijiambia huenda kweli kulikuwa na mbwa. Mtu akitaka kuamini mbwa, alisema, atamsikia hata akibweka.

Nilitegemea siku ileile aende polisi. Hakwenda. Woga una visingizio vingi. Alisema anataka kwanza kumwona shemeji yake uso kwa uso, Jumamosi, chumbani. Lakini Sajini naye alikuwa ameanza kumshuku. Alikuwa amesikia kwa dada yake habari za ufunguo shingoni, na kwa walinzi habari za Msasa kuchuchumaa mbele ya yule mama. Kabla ya Jumamosi alishamwambia mkubwa wa kampuni kwamba fundi amechanganyikiwa, anaona vitu, aondolewe kwenye silaha.

Nilipofika Jumamosi na mfuko wangu mlango ulikuwa nusu wazi. Wote wawili walikuwa ndani. Nikabaki kizingitini.

Namba tisa ilikuwa juu ya turubai, komeo limetolewa na kuwekwa pembeni. Isingeweza kumdhuru hata panya. Sajini alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Alisema yamepita. Alisema marehemu harudi, na Mpole ameshazoea. Mjomba hakubishana naye. Aliinua bunduki kwa mikono miwili, akamkabidhi.

"Chungulia, shemeji."

Sajini akatabasamu. Akaweka jicho nyuma ya mtutu, akauelekeza dirishani.

Tabasamu likabaki pale midomoni muda mrefu, baada ya uso kulisahau.

Hakuuteremsha. Niliona vidole vyake vikibadilika rangi. Niliona anavuta kichwa nyuma, na bunduki inamfuata. Alirudi hatua moja. Ikamfuata. Alirudi mpaka akagonga rafu, bunduki kumi na moja zikagongana. Hakupiga kelele. Alinong'ona tu.

"Anapepesa."

Mjomba aliweka mikono yake nyuma.

"Msasa, anapepesa. Ana vumbi kwenye kope." Pumzi ikamkatika. "Isafishe. Isafishe sasa hivi."

"Sisafishi tena," mjomba akasema.

Bunduki ilijiachia yenyewe, ikaanguka sakafuni. Kuzunguka jicho la Sajini palikuwa na duara la kijivu, kamili, kama lililochorwa kwa bikari. Akalipangusa kwa kiganja. Halikutoka. Alinipita mlangoni bila kuniona, akaenda kwenye bomba la uani, akajiosha uso kwa sabuni, kisha kwa mchanga, mpaka ngozi ikachubuka. Duara lilikuwa palepale. Hapo ndipo akaanza kukohoa.

Mchana uleule mjomba alikwenda polisi kwa miguu, nami nyuma yake. Mjomba alipofikia habari za unga, mpelelezi aliyemsikiliza aliweka kalamu chini, lakini yale mengine yote aliyaandika. Siku ya pili walikuja kuichukua namba tisa. Waliipeleka kwa wataalamu wao wakaichunguza. Wakasema ni safi kabisa, haina hata punje.

Sajini hakukana. Alieleza kila kitu kitandani hospitalini, akipumzika kila baada ya maneno matatu: aliona kitu cheupe kinatembea kwenye mvua, akaogopa, akafyatua. Alipojua ni mtu, akaogopa zaidi. Alikohoa wiki sita. Daktari alimwita dada yake pembeni akamuuliza mgonjwa alifanya kazi kiwanda cha saruji kwa miaka mingapi. Dada akasema hajawahi kufanya hata siku moja. Daktari akaitazama tena picha ya mapafu dhidi ya taa. Sajini alizikwa kabla kesi haijatajwa.

Mpole alitoka gerezani baada ya miezi minane. Mjomba alihukumiwa kifungo cha nje kwa kuficha ukweli, na kazi ya silaha ikaishia hapo. Mkewe alikaa kwao zaidi ya mwaka. Aliporudi alirudi na masanduku yake yote, lakini jina la kaka yake halitamkwi katika nyumba ile, na hakuna anayegusa ile droo. Mama wa marehemu hakuonekana tena mkabala na geti.

Siku moja Mpole alikuja nyumbani kwa mjomba. Walikaa barazani, nikawapelekea chai. Vikombe vikapoa.

"Mwishoni ulisema," Mpole akamwambia.

"Nilichelewa."

"Ulichelewa," Mpole akakubali. Akanywa chai yake, akaaga.

Tulidhani yamekwisha. Lakini mwezi uliopita kitambulisho cha mjomba kilimaliza muda, nikamsindikiza kwenye ofisi ya uandikishaji kuomba kipya. Palikuwa na foleni ndefu, watu wanapepea kwa fomu zao. Zamu yake ilipofika, karani, dada mchangamfu aliyekuwa anatafuna ubani, alimwambia aweke mkono wa kushoto kwenye kioo cha mashine. Taa ikawaka kijani. Jina lake likatokea, picha yake ya zamani ikatokea, sote tukacheka jinsi alivyokuwa na nywele nyingi. Kisha akamwambia aweke mkono wa kulia.

Karani aliacha kutafuna.

Alimwomba autoe mkono, aurudishe. Akamwomba tena. Akamwita mwenzake, wakainama wote wawili kwenye skrini, wakanong'onezana. Kisha yule dada akaigeuza skrini kidogo upande wetu na kumuuliza mjomba, kwa heshima, kama anamfahamu mtu huyu.

Ilikuwa picha ya kijana wa miaka ishirini na kitu, ameitazama kamera moja kwa moja, shati limefungwa vifungo mpaka juu. Chini ya jina lake paliandikwa kazi yake, kuli wa ghala la saruji, na pembeni, kwa herufi nyekundu, neno moja: amefariki.

"Alama za vidole vyote vitano ni zake," karani akasema. "Mfumo haujawahi kufanya hivi."

Mjomba aliutazama mkono wake wa kulia, kiganja juu, kama kitu alichopewa amshikie mtu. Na wakati karani anahangaika kuifuta ile taarifa ili aanze upya, niliona kwenye skrini mstari mdogo chini ya picha, wa tarehe na saa ambayo alama zile zilichukuliwa kwa mara ya mwisho kabla ya siku hiyo.

Ilikuwa ya jana yake.